Nimefulisha nguo kwenye meli ya kitalii: maoni ya dobi wa Sinza

Meli ya kitalii inafua shuka vizuri kuliko hoteli yoyote niliyowahi kulala, inanyoosha shati la ofisini vizuri kuliko mimi, na gauni la kitenge ingefaa isiliguse kabisa. Ukitaka maoni kwa kifupi, ni hayo. Ukitaka kwa kirefu endelea kusoma, ila ujue anayeandika ana duka la dobi Sinza, Dar es Salaam, kwa hiyo naweza kuwa mkali kuliko abiria wa kawaida. Nguo ikirudi na mstari wa pasi mahali pasipotakiwa, wewe unaivaa unakwenda zako. Mimi silali.

Safari ilikuwa ya Ghuba. Dada yangu mkubwa anaishi Dubai na mumewe, wakapata bei nzuri kwa wakala, nikavutwa na mimi. Tulipanda meli Dubai, tukapita Muscat, Doha na Abu Dhabi, tukarudi pale pale. Jina la meli silitaji kwa sababu tulikorofishana, wakanisikiliza, tukamalizana. Nikilitaja sasa nitakuwa nimefufua kesi iliyofungwa.

Tangu nirudi, wateja wananiuliza: likizo ya kufua nguo ndiyo likizo gani? Sasa jamani, nani kutoka Dar anakwenda Dubai na begi lililojaa? Begi linaondoka na nguo za kubahatisha ili lirudi na mzigo wa Deira, kule madukani Dubai. Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu melini nguo zinakwisha haraka ajabu. Asubuhi unavaa ya kushukia bandarini, joto la Ghuba linakutoa jasho mpaka mgongoni. Mchana ya bwawani. Usiku unatakiwa upendeze kwa chakula, na kuna usiku maalumu wa kuvaa rasmi ambapo wazee wa Kijerumani wanatoka na tai, na wewe huwezi kuingia na dira uliloshindia. Ukipiga hesabu, unahitaji mavazi mawili matatu kwa siku, na kabati la chumba lenyewe ni la kubana.

Kwenye meli yetu hapakuwa na chumba cha abiria kujifulia wenyewe. Nataka hili lieleweke kwa sababu watu wanapewa habari nusu nusu. Kuna kampuni zinazoweka vyumba vya mashine ambako abiria anaingia na nguo zake: meli za Cunard wanavyo na ni bure, Princess wanavyo na unalipia. Royal Caribbean hawana, utawapa wafanyakazi tu. Kwa hiyo unapokata tiketi, pamoja na kuuliza dirisha na chakula, uliza na hilo. Princess hao hao, mteja aliyesafiri nao sana mpaka akafika daraja la juu linaloitwa Elite, wanamfulia bila malipo. Hilo halituhusu mimi na wewe, lakini ni vizuri kujua wenzetu wanaishije.

Sisi tulikuta mfuko wa karatasi ngumu ndani ya kabati na fomu mbili. Fomu ya kwanza ni ya nguo moja moja: unaandika idadi, unatia alama kama inafuliwa na kupigwa pasi au pasi tu. Shati dola 4. Hiyo ni elfu kumi na ushei, na dukani kwangu shati ni elfu mbili. Gauni dola 9. Ukitaka zirudi siku hiyo hiyo, ongeza nusu ya bei. Fomu ya pili ni ya mfuko wa kujaza: unasukumia humo kila kitakachoingia, mfuko ufungike, unalipa dola 30. Zinafuliwa, zinakaushwa, zinakunjwa. Pasi haimo. Chini kabisa kuna maandishi madogo yanayosema rangi ikichuja au nguo ikinywea, shauri yako.

Nikacheka niliposoma orodha ya nguo. Shati, suruali, gauni, koti, pajama, vazi la kulalia la kike, basi. Shemeji alikuwa na kanzu yake nyeupe aliyotaka ifuliwe kwa ajili ya Ijumaa. Kanzu hakuna. Joho hakuna. Na meli hiyo inazunguka nchi za Kiarabu! Dada akaandika pembeni kwa kalamu "kanzu ya mwanamume". Fomu iliporudi na bili, imesahihishwa: vazi la kulalia la kike, moja. Shemeji alikaa kimya kwa muda. Halafu akaona bei, ni nafuu kuliko ya gauni, akasema basi waache.

Mhudumu wa vyumba vyetu alikuwa kijana wa Likoni, Mombasa. Alitusikia tunabishana kwa Kiswahili mlangoni, akasimama na toroli lake la taulo. "Shikamooni mama zangu." Tukafurahi, maana huko ukisikia shikamoo ni bahati. Nikamuuliza habari za ule mfuko wa dola 30. Akatazama huku na huku.

"Mama, nguo za ndani, soksi, fulana, tia. Hizo za rangi usizitie. Kule chini hakuna wa kutazama moja moja. Zaingia zote pamoja, zatoka zote pamoja."

"Na hii batiki?"

"Hiyo weka, ukafue mwenyewe nyumbani."

Nyie, kijana yule angekuwa Dar ningemwajiri siku hiyo hiyo.

Dada yeye alikuja na dawa yake ya mambo yote, pasi ndogo ya safarini. Haikufika hata chumbani. Mabegi yanapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kupandishwa, wakaiona, wakaichukua, wakampa karatasi ya kuja kuidai siku ya kushuka. Pasi za umeme haziruhusiwi vyumbani kwenye meli za kitalii, na vile vifaa vidogo vya kunyooshea nguo kwa mvuke navyo vilevile. Dada alinuna, akasema wanataka tu hela zetu za pasi. Mimi nilikuwa upande wa meli. Pasi iliyosahauliwa juu ya kitanda pale Sinza, majirani wanakuja na ndoo za maji na unapiga 114 ya zimamoto. Katikati ya bahari utampigia nani? Moto ndio kitu ambacho mabaharia wanakiogopa kuliko mawimbi.

Tulipokuwa njiani kwenda Muscat nililipia ziara ya kutembezwa sehemu ambazo abiria hawafiki: jikoni, maghala ya chakula, na dobi. Wenzangu kwenye kundi walienda kwa ajili ya jikoni. Mimi nilikuwa nasubiri dobi tu.

Ni chini kabisa, sakafu ya wafanyakazi, hakuna dirisha hata moja. Ukifungua mlango joto linakupokea na kelele juu yake. Mkono wa kushoto kuna marundo ya shuka na foronya yaliyotenganishwa, taulo za bwawani peke yake, vitambaa vya mezani vyenye madoa ya divai na mchuzi peke yake, sare za wapishi peke yake. Mashine za kufulia ni kubwa kiasi kwamba mtu anaweza kuingia kichwa na mabega, na sabuni haipimwi kwa kikombe: inakuja kwa mabomba membamba kutoka kwenye madumu, mashine inajichotea yenyewe kulingana na aina ya mzigo.

Kilichoniweka pale mpaka mwongozaji akaniita mara ya pili ni mashine ya shuka. Vijana wawili wanasimama mbele yake, kila mmoja anashika pembe za shuka mbichi, wanazibana kwenye vibanio, mashine inazipokea na kuitanua shuka mpaka inakuwa haina hata kovu. Inavutwa ndani kati ya magurudumu mazito yenye moto, inatoka upande wa pili imekauka na imenyooka, mikono ya chuma inaikunja mara mbili, mara tatu, inaiweka juu ya nyingine. Muda wote huo vijana tayari wameshika pembe za inayofuata. Hawazungumzi. Mimi na msaidizi wangu tunakunja shuka kwa kuvutana, mmoja huku mmoja kule, tukimaliza kumi tunadai soda.

Kila mashine ya kukaushia ilikuwa na karatasi imebandikwa mlangoni, imejaa saini. Nikauliza. Ni rekodi ya kusafisha kichujio cha manyoya ya nguo, yale mavumbi laini yanayobaki kwenye wavu. Manyoya yale yakirundikana karibu na joto yanashika moto upesi sana, kwa hiyo anayeyatoa anaandika saa na anatia saini. Jambo hilo nimekuja nalo. Dukani kwangu sasa kuna karatasi na kalamu imefungwa kwa uzi, na msaidizi wangu ananiona nimerudi na mambo ya kizungu.

Halafu nikaona kona ya nguo za abiria, na ndipo nilipoelewa kila kitu. Ukumbi wote ule ni wa meli. Nguo zetu sisi, tunaolipa dola 4 kwa shati, zimepewa pembe moja yenye mashine chache ndogo, meza za pasi, na kitu ambacho sijawahi kukitumia ingawa nakitamani: kiwiliwili cha kitambaa. Unakivalisha shati lenye unyevu, unabana mikono na pindo, kinajazwa hewa ya moto, shati linavimba na kunyooka lote kwa dakika chache. Kola na vifungo vya mikono vinapigwa pembeni kwa mashine nyingine. Shati la mikono mirefu ukilipitisha hapo linatoka bila dosari. Lakini kiwiliwili kile kina mabega mawili na kifua kimoja. Gauni la kitenge lenye mikono ya puto, mkanda wa kiunoni na marinda utalivalishaje? Linarudi mezani kwa mtu mwenye pasi ambaye ana mashati mia yanamngoja, na ambaye hajawahi kuona mshono wa fundi wa Kariakoo.

Kuhusu maji, hapa niseme kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Meli kubwa inatengeneza sehemu kubwa ya maji yake kutoka baharini, ama kwa kuyachemsha kwa joto linalotoka kwenye injini na kuukusanya mvuke, ama kwa kuyasukuma kupita kwenye vichujio vizito. Wakiwa karibu na bandari hawatengenezi, maji ya pale ni machafu, wanatumia yaliyo kwenye matangi. Maji hayo yakishatolewa chumvi na chokaa yanakuwa laini mno. Nilifikicha soksi bafuni kwa kipande kidogo tu cha sabuni ya mche nilichotoka nacho nyumbani, povu likajaa sinki na halikutaka kuisha, nikasuuza mpaka nikachoka. Anayefulia maji ya kisima kirefu hapa Dar atanielewa: kuna visima mtaani kwetu ambavyo sabuni inakatika kabla haijatoa povu, inabaki utando mweupe juu ya beseni, na nguo nyeupe zinapauka kuwa za rangi ya chai ya maziwa. Mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, wakatoa ratiba ya mgao, tulifulia maji ya namna hiyo na wateja walinisema sana. Kwa hiyo ukifua kwa mkono melini, punguza sabuni. Robo ya unayotumia nyumbani inatosha.

Nilimuuliza mwongozaji maji machafu ya dobi yanaenda wapi. Akasema bandarini yanahifadhiwa kwenye matangi, yanamwagwa wakiwa wameshakwenda mbali na nchi kavu. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, wa kuzuia meli kuchafua bahari, una sheria za maji ya vyooni, lakini ya kufulia na kuogea haukuyawekea. Sikupenda kusikia, lakini na mimi maji yangu yanaishia kwenye mtaro wa Sinza, kwa hiyo nikanyamaza.

Matokeo sasa. Mashati ya shemeji yalirudi kwenye hanga, yamefunikwa nailoni, kola imekaa, kifungo hakuna kilichovunjika. Nampa alama zote. Kanzu ilirudi nyeupe kweli, darizi ya shingoni haikuchuja, ila mikono ilikuwa na mstari mkali wa pasi kuanzia begani mpaka kiganjani kwa mtindo wa suruali. Wala haikuwekwa wanga. Mzee yeyote wa Ilala angekataa kuipokea. Mfuko wa dola 30 tuliujaza fulana, nguo za ndani, suruali za kulalia na taulo zangu mbili, tukaukandamiza kwa magoti. Zilirudi kesho yake jioni, safi, zimekunjwa kwa vipimo, zinanukia. Weupe ulikuwa umefifia kidogo, si wa kumsema mtu. Nguo zote zilikuwa na kikaratasi chenye namba ya chumba, kimebanwa kwa pini ya stepla kwenye lebo. Toa pini hizo kabla hujavaa! Shemeji alichanika shingoni kwa ajili ya fulana.

Ugomvi ulikuwa kwenye gauni la dada. Kitenge kizuri, cha kushonwa, kina bitana ndani. Hakukitia kwenye mfuko. Alikiandika peke yake kwenye fomu ya nguo moja moja, akatia alama maji baridi, akatia alama kisikaushwe kwa mashine, akalipa dola zake 9. Kilirudi kwenye hanga kimenyooka, kinapendeza kwa mbali. Dada akakivaa, mikono ikaishia juu ya kifundo, na bitana inachungulia chini ya pindo.

Mapokezi binti wa zamu akatuonyesha yale maandishi madogo. Nikamwambia dada aniachie. Nikalitandaza gauni juu ya kaunta, nikageuza pindo. Bitana ni ya poliesta, haijanywea hata uzi. Kitenge ni pamba, kimerudi kwa kama vidole viwili, ndiyo maana bitana imebaki ndefu na mshono wa ubavuni umejikunyata. Pamba namna hiyo haitanywea hivyo kwa maji baridi na kuanikwa, hasa kitenge hiki ambacho dada ameshakifua nyumbani mara nyingi. Hilo ni joto la mashine ya kukaushia. Na nakala ya fomu ninayo, alama hii hapa. Binti akaita mkubwa wake, mkubwa akaita mtu wa dobi, mtu wa dobi akashika bitana kwa vidole viwili akaitazama, akanitazama, akasema kitu kwa lugha yao. Wakarudisha dola 9 na kumwekea dada salio la kununulia vitu humo humo melini. Gauni halikurudi kuwa gauni, lakini walikuwa waungwana, sikutukanwa wala sikuzungushwa. Dada salio akalimalizia kwenye manukato.

Kama si ile nakala tungeambulia pole. Fomu ina karatasi ya chini ya kunakili. Ichane ubaki nayo, au piga picha kwa simu kabla mfuko haujatoka chumbani.

Kufua mwenyewe kunawezekana kuliko wanavyokuambia. Bafu lina kamba nyembamba ya kuvuta kutoka ukutani, unaichomoa na kuinasa ng'ambo. Inabeba nguo nyepesi, usiitundikie jinzi. Siri ni kukamua: suuza, kamua kwa mkono, kisha itandaze nguo juu ya taulo kavu la meli, viringisha pamoja, kanyaga. Taulo linanywa maji yote na kiyoyozi kinamaliza kazi usiku. Blauzi ya poliesta asubuhi inavalika, kanga nayo inakaribia. Kuta za vyumba ni za chuma, kwa hiyo ukienda na ndoano za sumaku utapata pa kutundika hanga popote. Mimi zangu nilinunua Kariakoo kwa bei ya kutupa, na dada aliyenicheka aliziazima zote. Barazani usianike. Ni marufuku, upepo wa baharini unachukua mtandio kabla hujageuka, na wakiona watakugongea mlango.

Lakini huduma niliyoipenda kuliko zote haikuwa ya meli. Muscat meli inafunga gati Mutrah, bandari ya Sultan Qaboos, na ukitoka langoni soko kongwe liko umbali wa kutembea. Nilikuwa na magauni mawili ya usiku rasmi yaliyokunjamana begini, nikayabeba kwenye mfuko wa plastiki. Katika uchochoro nyuma ya soko nikakuta kijiduka cha dobi, kanzu za Kiomani zimening'inia mpaka dari, zile zenye kishada shingoni, na kijana wa Kihindi anapiga pasi ya mvuke bila kuinua kichwa. Nikaanza kuhangaika kwa ishara. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kanzu yake, kofia ya kushona kichwani, akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Mwanangu, watoka wapi?"

"Dar es Salaam, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kichwele ipo bado?"

"Ipo baba, sasa ni Mtaa wa Uhuru."

Mzee akatikisa kichwa. Waomani wa aina yake wapo wengi Muscat, waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi walikwenda Oman kuanzia 1970 Sultan Qaboos aliposhika madaraka. Akamwambia kijana kwa Kiarabu: pasi tu, kwa ndani, moto mdogo, na amtolee mgeni kwanza. Kijana akageuza gauni langu nje ndani bila kuambiwa mara mbili, akapitisha mvuke kwenye marinda moja moja, akiweka kitambaa cheupe juu ya nakshi. Nilisimama namtazama mikono. Anajua. Baisa 300 kwa gauni, ambazo ni kama elfu mbili za kwetu. Melini pasi peke yake ingenigharimu mara kadhaa ya hiyo.

Ila angalia saa. Meli haitakusubiri, na dobi wa bandarini kwa kufua kamili anataka siku nzima. Mpe kazi ya pasi tu, asubuhi unaposhuka, upitie kuichukua kabla ya adhuhuri kwa sababu mchana wanafunga. Na melini kwenyewe, fomu za kufua zina siku ya mwisho. Ukingoja mpaka usiku wa kufunga mabegi utaambiwa dobi hapokei tena, kwa kuwa wanajiandaa kubadilisha shuka za vyumba vyote kwa siku moja.

Kwa hiyo kama unakwenda, mashati ya mikono mirefu wape, hawataharibu. Mfuko wa dola 30 ni wa haki mkiwa watatu na mkaujaza kweli. Peke yako ni hasara. Kanzu wape ukiwa umekubali itaitwa jina gani. Kitenge, batiki, chochote chenye bitana, shanga au mshono wa fundi, rudi nacho kichafu.

Wapo walioniuliza kama nitanunua ile mashine ya shuka. Kwa umeme upi? Kiwiliwili cha shati ndicho nakiulizia bei. Na kama una safari ya meli hujui ubebe nguo zipi, njoo dukani na begi lako tulichambue pamoja, ila fika kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo nakuwa kwenye pasi na sizungumzi na mtu.